Faili la Fundi Cherehani

Kaka, leo mjinga nilikuwa mimi. Cheka kwanza, halafu usome.

Si unaujua ule utafiti wetu wa presha, wa kupitia kwenye kompyuta ya hospitali mafaili ya wagonjwa waliofariki? Hatulitumii faili bila ruhusa ya familia. Leo nikatumwa kwa mjane wa fundi cherehani.

Mama wa watu kanikaribisha vizuri. Akauliza, "Mwanangu, watu hawatamjua?" Nami na kiherehere changu nikafungua kompyuta niliyokuja nayo nimwonyeshe jina limefutwa. Nikaanza kumsomea. Kwa sauti, kaka:

"Mgonjwa anasema chumvi ameacha, ila mke wake humtilia kwa siri."

Wifi yake aliyekuwa anapiga pasi akabaki ameishika hewani.

"Rudia," mama akasema.

Nikarudia. Mimi huyu, nikarudia.

"Miaka yote nampikia bila chumvi, na mimi nakula hivyohivyo. Yeye ndiye aliyekuwa anaificha kwenye kopo la vifungo. Futa hayo."

Nikamwambia hayafutiki, ni maneno ya mgonjwa. Naona kabisa ruhusa inaniponyoka, na bosi ananisubiri. Nikaongeza ujinga juu ya ujinga: "Lakini mama, hakuna atakayejua ni wewe."

Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kunishika.

"Yeye amekufa, mmemfutia jina asiaibike. Mimi mzima mmeniacha humo na chumvi mkononi. Faili chukueni, litawafaa wagonjwa wengine. Ila chini ya maneno yake andika: mke yu hai, na anakanusha."