Chupa ya Chai ya Ijumaa

Mpendwa dada yangu Mariamu,

Ni mimi ndugu yako mdogo, yule mwenye maneno mengi. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike. Shule niliishia darasa la nne, unajua, lakini hesabu mwalimu mwenyewe alikuwa ananiuliza mimi.

Wiki tatu zilizopita nilikanyaga msumari hapa gereji Kisenyi. Nikatembea nao tangu asubuhi mpaka adhuhuri, sina habari. Fundi mwenzangu ndiye aliyeona damu. "Mzee, huo ni mguu au ni gogo?" Nikamwambia babu yetu alitembea toka Sudani mpaka hapa bila viatu, mwiba ukimchoma, unaovunjika ni mwiba. Wakacheka. Pale zahanati nesi akanichoma kidole, akatazama kile kimashine, akapima tena. "Mzee, una sukari. Na imekaa mwilini siku nyingi, mpaka nyayo zimekufa ganzi." Moyoni sikusikia kitu. Nikauliza tu kama naweza kuvaa kiatu changu.

Sasa nameza vidonge asubuhi na jioni. Matoke nusu ya sahani, mboga tele. Natembea mpaka relini Namuwongo na kurudi. Kila jioni nakagua nyayo zangu kwa kioo, kama ninavyokagua chini ya gari. Nafanya yote, lakini ni kama namfanyia mtu mwingine.

Nakuwaza wewe. Madaktari walipokukataza sukari, mimi ndiye niliyepanda kilima cha Kibuli kila Ijumaa baada ya swala, na chupa ya chai ya maziwa, sukari vijiko sita, nimeificha ndani ya kanzu. Mfukoni majani ya mululuza. "Kunywa, halafu tafuna jani. Kichungu kinafukuza kitamu." Nikakusimulia yule askari aliyekula gunia zima la sukari, akalamba jani moja, akaenda paredi. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukanywa. Ukatafuna, ukakunja uso. Hata baada ya wewe kukatwa mguu, nilikuja na chupa.

Juzi nilimuuliza binti yako Hadija kama uliyaamini yale majani. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Mjomba, mama hakuamini hata siku moja. Alikuwa anasema, ndugu yangu amepanda kilima na jua hili, nitamrudishaje na chai yake?"

Nimekaa na maneno hayo. Nangoja nilie, silii.

Ijumaa hii nilipita kwa jirani yako wa zamani, baraza limejaa. Akanimiminia chai ya vijiko sita bila kuniuliza, maana Kibuli nzima inaijua chai yangu. Nikafunika kikombe kwa kiganja.

"Nina sukari," nikasema. "Ile ile ya Mariamu."

Wote wakanitazama mdomo, wanangoja kisa changu, nani alikimbia, nani alianguka.

"Haya, Mzee, halafu ikawaje?"

"Hakuna halafu. Imeishia hapo."

Jirani akashusha birika polepole. Mvuke ulikuwa unanipiga kiganjani. Huo niliusikia, dada. Nikauacha mkono hapo hapo.

Pumzika. Siku tutakayoonana nitakuja mikono mitupu, na utanipokea hivyo hivyo.

Ndugu yako mdogo,
mjomba wa Hadija