Sahani ya Kumi na Nne

Tapachula, Meksiko, 3 Agosti 2023

Mdogo wangu Glodie,

Jambo sana. Muko wazima? Mama na presha yake anaendeleaje? Mimi nina afya, ila miguu ndiyo inalalamika. Najua miezi minne bila neno ni mingi. Simu ilichukuliwa na maji kule msituni, na namba zote zikaenda nayo. Nilibaki na ya Dady tu, kwa sababu imeandikwa kwa rangi kwenye kibanda chake cha simu pale sokoni, nami naikumbuka. Barua hii ya kaka yako isome kwa sauti, Stany naye acheke.

Sasa nasafiri na watu wa Mama Ngoyi, mjane wa Likasi: wanawe, wakwe na wajukuu, pamoja naye watu kumi na wawili. Mimi ni wa kumi na tatu. Nawabebea mtoto mdogo, nao wananiita wao. Njia hii ya kwenda Amerika mtu haiwezi peke yake.

Jumapili mkwe mmoja wa Mama Ngoyi alitumiwa hela, akasema leo hatupiki kando ya barabara, leo tunakaa kwenye viti. Tukaingia mgahawa, tukaunganisha meza tatu. Mjukuu wake Elisée, wa miaka minane, ndiye anayejua Kihispania kidogo, basi sote tulikula alichokipenda yeye: kuku katika mchuzi mweusi, na vichapati vyembamba vya mahindi. Mama Ngoyi alikigeuza kimoja mkononi, akasema, "Hawa bantu biko na mahindi mingi hivi, na hakuna hata mumoja wa kusonga bukari."

Mhudumu aliweka mbele yangu sahani mbili. Nikamrudishia moja. Akaiacha palepale, akamwambia Elisée neno.

"Anasema ni ya ndugu yako, ule mwenye muliingia naye."

"Ndugu gani?"

"Ule anafanana na weye."

Meza nzima ilicheka. Mama Ngoyi akasema, "Donatien iko na tumbo ya bantu babili, bameishaiona." Nami nilicheka. Lakini mhudumu alivuta kiti cha pembeni yangu nyuma kidogo, kama anampisha mtu aketi. Elisée alitaka kuila ile sahani, bibi yake akampiga mkono. Tuliondoka, ikabaki mezani.

Namba ya Stany sina tena. Mwambie pacha wangu anipigie. Mambo kama haya nimwambie nani mwingine?

Yaya yako,
Donatien

Musonoi, 27 Agosti 2023

Yaya Donatien,

Nakusalimu sana. Miguu imepona? Unapata pa kulala? Mama anakula kidogo. Mimi nimefaulu, nikawa wa pili darasani. Nakuandikia kwenye karatasi, Dady ataipiga picha.

Barua yako sikuisoma kwa sauti. Karatasi aliyoichapa Dady niliiweka ndani ya kitabu cha jiografia muda huu wote, kwa kuwa Mama amenikataza kukujibu.

Yaya, kaa chini kwanza. Stany hayupo. Mwezi wa tano shimo la madini lilimfunika, yeye na wenzake. Wachimbaji walifukua juma zima, hawakumfikia. Na wewe ulikuwa kimya. Tata Mukalay, mzee wa ukoo, alikuja kutoka kijijini, akawataja kwa majina yenu ya pacha, akasema Kyungu wetu Stany amekwenda na wewe Kabange huitiki, maana yake mmekwenda wote. Unajua kwetu: pacha hapewi kitu peke yake, hata kaburi. Kwa kuwa hatukuwa na mwili, alikata mashina mawili ya mgomba, tukayalaza katika shimo moja, ninyi wawili. Mama hakulia, maana pacha hawaliliwi. Aliimba nyimbo zenu mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo hayataji majina yenu.

Nilipomwambia kwamba uko hai na unaandika, alisema, "Glodie, ule nilishamuzika. Mutu bakishamuzika anaita-ita, anatafuta mutu wa kumuitika. Usimuitike."

Mimi nimekuitika. Mkono ni wako, naujua tangu uliponifundisha herufi. Lakini usiku sijui tena ninachokijua. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Glodie

Tapachula, 30 Agosti 2023

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, unisamehe. Nimelia, najua haifai.

Mama Ngoyi aliniona uso, nikamsimulia yote. Akasema, "Mutoto wangu, mi niko na bajukuu. Siwezi kupita mipaka na mutu mwenye kaburi yake inamungoja." Sasa nakula meza ya nyuma, na yule mtoto mdogo hawanipi tena kumbeba. Wanaondoka katikati ya Septemba. Amesema nikitolewa mle kaburini nitakwenda nao, nisipotolewa nibaki. Na hapa anayebaki peke yake huwa tunasikia habari zake kwa wengine.

Nitoe, Glodie. Shina langu ulitoe. La Stany uliache, alale.

Yaya yako,
Donatien

Musonoi, 9 Septemba 2023

Yaya Donatien,

Nakusalimu kwa upole. Umekula leo? Sisi tuko hai.

Nilikwenda jana mchana baada ya masomo, na sare yangu, jembe nikalifunga kwa kitenge. Makaburini hakuna aliyeniuliza kitu. Unajua mimi hata mkono siinui darasani, lakini nilichimba. Kabla ya hapo nilimpigia Tata Mukalay, akasema Kyungu yuko kuume. Nikamuuliza, kuume kwao au kwangu? Akasema, "Kwao." Halafu akaongeza, "Ao kwangu. Nilisimama upande wa miguu. Ao wa kichwa?"

Nilidhani nitawajua kwa nguo, kwa sababu kila shina Mama alilivika shati la mwenyewe. Nikapangusa udongo. Yaya, ni yale mashati ya njano. Kitambaa kimoja, fundi mmoja, vifungo vilevile, kama kila kitu alichowahi kuwanunulia. Niliyafungua kola yote mawili nikitafuta alama. Mashina yenyewe yameoza sawasawa.

Nikiacha moja, labda ni wewe nimekuacha. Nilipiga magoti pale hadi kivuli kikanifikia. Kisha nikayatoa yote mawili, nikayabeba nyumbani mgongoni.

Mama alikuwa anachambua majani ya sombe. Alinitazama, hakunipiga, hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikuwa nimepumzika kungoja. Sasa umenirudishia babili." Halafu akatandika mkeka, akafua mashati yote mawili, akataja majina yenu.

Mwambie Mama Ngoyi umetoka. Hilo ni kweli. Na kwangu uandike upesi, Yaya, ili Mama abakiwe na mmoja tu wa kumngoja.

Mdogo wenu,
Glodie