Reli za Ukindu

Johari, wali umo chunguni, samaki yumo kabatini. Funika vizuri, paka wa jirani hana adabu. Nakwenda Chumbi kwa mama yako mkubwa kutafuta ukindu mwekundu. Usifagie ukumbini! Kipande cha ukindu hata kimoja kisiguswe. Kisha mpe baba yako asome hapa chini.

Baba Johari, mkeka ule ni wa harusi ya Siti, na ukindu nimeuloweka na kuutia rangi mwenyewe. Asubuhi naukuta umekatwakatwa na kulazwa sakafuni, umekuwa reli za yadi ya Dar es Salaam. Ndiyo maana nikapiga kelele. Lakini kukwambia "mtu mzima unacheza kama mtoto" mbele ya mwanao, hapo nimekukosea. Ukaondoka na fimbo yako, hata chai hukunywa.

~~Ukirudi, zing'oe zote.~~ Ziache.

Tangu behewa likuvunje mguu kazini hutulii, nami situlii nikikusikia unavyozunguka humu ndani. Basi imalizie hiyo yadi, Jumatatu uwaonyeshe wanafunzi wangu wakija hapa. Hawajaliona gari moshi, na mimi nimechoka kulichora ubaoni.

Ila tangi la maji uliliweka upande wa karakana. Lilikuwa upande wa kota tulikokaa. Nani alikuwa akichota maji pale, wewe au mimi? Nimelihamisha.

Hicho kiberiti kando ya tangi usikiondoe. Ni nyumba yetu. Ulikumbuka kila njia ya reli, nyumba ukaisahau.

Birika liko kwenye makaa. Unywe chai.

Mama Johari