Unga Mweupe wa Shemeji

Mstaafu mwenzangu, uko wapi? Niko hospitali. Usinicheke leo.

Shemeji yangu mfinyanzi aliamka na kiungulia. Nami unanijua, mdomo hauna breki. Nikamwambia ule unga mweupe anaochanganya kwenye rangi ya vyungu ni bariamu, na bariamu ndiyo hospitali huwanywesha watu kabla ya picha ya tumbo. "Chumvi ya magnesiamu huyeyuka vizuri, ya kalsiamu kidogo tu, ukifika bariamu haiyeyuki kabisa! Itapita tumboni kama mgeni asiyekaa, iondoke na kiungulia chako." Nikaukoroga kwenye glasi ya maji, ukatuama chini.

"Shemeji, wewe profesa," akasema. Akanywa.

Akanywa, bwana! Mbele ya macho yangu!

Chai haijachemka, anatapika. Kisha miguu ikagoma.

Hapa hospitali daktari kasoma pakiti ya ule unga. "Mzee, ya hospitali ni salfeti. Hii ni kabonati. Kwenye maji haiyeyuki, sawa, lakini tumbo si glasi ya maji. Lina asidi inayoiyeyusha."

Tumbo si glasi ya maji. Bado nayasikia.

Wamemnywesha magnesiamu salfeti, ili bariamu iliyobaki tumboni igeuke ile isiyoyeyuka. Iliyokwisha kuingia kwenye damu ndiyo inayomkaba. Anapumua kwa mashine.

Dada yangu kaingia mbio. "Kaka, mume wangu kala nini?"

Nikamwambia nimempa sumu kwa mkono wangu.

Akacheka, ndugu yangu. "Acha hadithi zako, kaka. Leo niambie kweli."

Ikabidi nirudie.