Kigoda Nyuma ya Simu

Kwako mume wangu mdogo,

Miguu unayo au umeiazimisha? Mwezi wa kumi na nne huu tangu tumzike babu yako, na kizingiti changu hujakikanyaga. Unatuma salamu, unatuma dawa ya goti, unatuma kila kitu isipokuwa wewe mwenyewe. Mimi mzima, goti tu ndilo linaloringa. Wewe je, unakula, au bado unaishi kwa chai? Mke mwenzangu huyo uliyenaye msalimu sana, na umwambie asikunyoe tena kichwa kikawa kama yai. Nimekiona kwenye picha.

Barua hii anaiandika jirani yangu, fundi cherehani, maana kati ya kalamu na mwiko mimi najua kimoja tu. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asiyatie maneno yangu pindo.

Ile video ya majaribio nimeiona. Ulinieleza kwamba kampuni yenu inataka kumpandisha babu yako jukwaani tena, tamasha la mtandaoni, watu watazame wakiwa majumbani mwao, naye aimbe kama yu hai. Kompyuta imefundishwa sauti yake na sura yake kwa zile video ulizorekodi hapa nyumbani, na kilichobaki ni dole gumba langu kwenye karatasi. Ukasema huo ndio muziki wa kesho, mwimbaji hazeeki wala hashikwi na mafua. Haya. Nikakaa, nikatazama.

Ulianza wewe, nakumbuka. Kifua kilipomkatalia kwenda kumbini, uliweka simu kwenye stendi kule chumba cha nyuma, ukatundika blanketi dirishani kuzuia kelele za barabarani, ukamwambia aimbe, watu wanamwona. Ijumaa ya kwanza walikuwa sita, na wawili kati yao shangazi zako. Akanung'unika kwamba kuimbia simu ni kama kuposa ukiwa nyuma ya ukuta, hupati hata kofi moja. Ndipo nikaleta kigoda changu nikakaa nyuma ya simu, nikawa ndio ukumbi mzima. Mwaka wa pili ukawa unatutajia watazamaji elfu nne, vijimoyo vinapanda kwenye kioo kama povu la sabuni, na yeye havioni. Ananitazama mimi.

Kabla ya kila ubeti aligeuza macho pembeni kidogo. Watu waliandika kwamba hayo ni madaha ya wanamuziki wa zamani.

Basi huyo wa kompyuta naye anageuza. Ana ngozi laini kuliko ya babu yako hata siku ya harusi yetu, lakini alipomaliza ubeti wa pili wa ule wimbo wake wa mwisho, aligeuza macho mahali palepale, akangoja. Video ikaishia hapo. Uliniambia hiyo ni kasoro, ubeti wa tatu haumo kwenye rekodi yoyote, kompyuta itamtungia.

Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi alasiri, saa yetu ya kuimba, nasikia mtu anasafisha koo chumba cha nyuma. Jirani akasema ni bomba. Bomba gani, na maji yamekatwa tangu Jumatatu? Nimeingia na ufagio mkononi. Stendi ipo, blanketi lipo, kigoda kipo. Mtu hayupo. Ila mle ndani nangojwa, mume wangu. Mtu anayengojwa hujijua.

Sasa sikiliza. Maneno ya nyimbo zile ni yangu. Zote. Niliyatunga nikifua, nikimenya, nikimngoja arudi, yeye akayatia sauti na gitaa. Kuandika hakujua yeye wala mimi, kwa hiyo yalikaa kichwani mwangu, na kichwa chake kilivuja. Kila ubeti alinitazama, nami nikampa neno la kwanza kwa midomo, bila sauti. Miaka arobaini na moja. Wewe ulikuwa umeinamia mitambo yako, hukuona.

Ijumaa ile ya mwisho ulimsomea swali la mtazamaji: nani anakutungia maneno? Akacheka, akasema hakuna, yanamjia tu kama usingizi. Nami nimekaa hatua mbili kutoka pale.

Ukavaa hedifoni zako, ukatupa mgongo, akaanza wimbo mpya. Akamaliza ubeti wa pili, akanitazama. Nikafunga mdomo. Akangoja. Nikatazama ukuta. Akabaki mdomo wazi, mkono juu ya nyuzi, nawe kwenye kioo ukaona sanamu, ukaanza kuvuta nyaya ukisema mtandao umeganda. Babu yako akakuitikia kwamba ndiyo, ni mtandao. Alinifichia. Gitaa hakulishika tena, na siku ya ishirini akafa.

Mazikoni ulinililia begani kwamba ulinunua bando dogo, kwamba wewe ndiye uliyemkata babu wimbo wake wa mwisho. Nikakufuta machozi, nikanyamaza. Najua ndiyo maana huji.

Haukuwa mtandao, mume wangu. Nilikuwa mimi.

Jirani ameweka kalamu chini, ananikodolea macho. Nimemwambia aendelee, hukumu ataitoa akimaliza kuandika.

Shangazi zako wazima na wanakusalimu. Dole gumba nimelifuta wino, sitaligusisha karatasi yoyote mpaka uje. Hao mafundi wako waambie pale anapogeuza macho wasipakate, wala kompyuta isimtungie neno. Ubeti wa tatu ninao.

Ni mimi bibi yako, nyuma ya simu.

Ukija, njoo Ijumaa, ufike kabla ya saa kumi. Mwashe babu yako asimame palepale alipokuwa akisimama, kisha hiyo simu yako igeuze, itazame kwenye kigoda.