Mshenga wa Dada Neema

Jumamosi, 4 Juni 2005
Toronto nzima hakuna mwenye ulimi mtamu kama mimi. Shule niliiacha, shule ikapata hasara. Nimeosha magari mpaka saa kumi, kisha Dada Neema na Wambui wake wakaniita jikoni, hapa kwetu Lawrence Heights. Wanaoana. Ontario inaruhusu ndoa ya wanawake wawili tayari, ila wanasubiri bunge la nchi nzima, asije mtu akafuta kesho. Na Dada hataki kuolewa kimyakimya. Anataka barua ya posa ifike kwa Baba, kama binti yeyote wa kwetu. Wazee wote wamekataa ushenga. Nikajitolea. Wambui kasema kaka wa bibi harusi hawezi kuwa mshenga. Nikamwambia ataje mwingine. Akaenda kutafuta karatasi na kalamu.

Jumapili, 5 Juni
Mchungaji kahubiri saa nzima kupinga muswada wa ndoa hizo. Baadaye ikazungushwa karatasi ya sahihi. Baba, mzee wa kanisa, kasaini wa kwanza. Dada alikuwa benchi la nyuma yake, akaona. Zamu yangu nikaandika jina la mbwa wa jirani.

Jumamosi, 11 Juni
Nimenyoa. Suti. Barua nimeifunga kwenye leso nyeupe, nikaenda Regent Park kwa Baba. Nimerudi. Dada kauliza mzee amesemaje.
"Hajasema kitu," nikamjibu.
Kaingia chumbani. Wambui kanishika bega, kanishukuru. Mshenga mzima mimi.

Jumatano, 29 Juni
Jana bunge limepitisha! Leo kazini nimepiga honi ya kila gari nililoosha. Wambui katoa machozi juu ya sufuria ya pilau. Mama Furaha, jirani yetu Mkongo, kanisimamisha ngazini.
"Petit, mdogo wangu, dada yako anaolewa na mwanamke, kweli?"
Kweli, nikasema. Kafikiri kidogo.
"Basi sambusa ntapika mimi. Hao wawili hawajui."

Alhamisi, 21 Julai
Sheria imetiwa saini jana. Kanada yote. Nimetembea barabarani kama niliyeitunga. Jioni Dada kauliza tena kama Baba amepiga simu. Hajapiga.

Jumapili, 7 Agosti
Harusi ilikuwa jana. Ukumbi ulijaa. Shangazi yake Wambui, aliyeapa hatakanyaga, ndiye aliyeanzisha vigelegele. Nimecheza mpaka suruali ikachanika. Sambusa ziliisha kabla ya hotuba, na hotuba niliitoa mimi, watu wakashika mbavu.

Kiti cha Baba kilikaa kitupu. Dada alikitazama kila mlango ulipofunguka. Mwishoni kaniambia, "Angalau aliombwa kwa heshima, mdogo wangu. Asante."

Hakuombwa. Siku ile nilisimama nje ya mlango wake. Alikuwa anaimba pambio, anakaanga samaki. Mkono ukakataa kugonga. Nikakaa kituo cha basi mpaka muda ukatosha kurudi.

Pengine angekataa. Pengine angekuja. Mimi ndiye niliyeogopa, na Dada anadhani ni Baba aliyemkana.