Jongoo wa Kichaka cha Mwisho

Geita

Mke wangu Mama Hadija,

Pokea salamu zangu zote, nyingine mwekee mtoto. Kikohozi chake kimekwisha? Na goti la mama? Mimi mzima, nimenenepa kidogo kwa sifa.

Unajua kazi yetu ni kukamata mbung'o na kufyeka vichaka wanamokaa, ng'ombe wa Wasukuma wasife. Kilibaki kichaka kimoja nyuma ya mgodi wa dhahabu, kifyekwe Jumatatu. Humo nikaona jongoo mweusi, mstari wa manjano mgongoni, miguu myeupe kama chokaa. Mimi niliyefika hadi Kampala sijapata kumwona wa namna hiyo. Wenzangu wakanicheka: "Watu wanachimba dhahabu, huyu anachimba jongoo."

Nikamtia mkebeni, nikamwacha barazani kwa Mzungu wetu anayejua wadudu, maana alikuwa safarini. Niliporudi, mkebe mtupu. Nikamwuliza mpishi wake, mzee Masanja.

"Jongoo? Alitambaa mpaka jikoni, nikamtupa."

"Na mti wake?"

"Na mti wake. Kwani kwenu mti wa jongoo mnauhifadhi?"

Mke wangu, hapo akili yangu ya darasa la tatu ikawaka. Jongoo majanini humwoni, lakini mti wa jikoni una ncha nyeusi ya moto. Nikatambaa nyuma ya jiko nikiutafuta mti. Nikaukuta, na mwenyewe kajikunja kando yake kama kifungo cha koti.

Mzungu alimtazama kwa kioo, akahesabu pingili mpaka ya saba. Kumbe jongoo dume hutambulikana kwa miguu yake ya kuzalia, nayo iko hapo. Mengine nitakueleza nikirudi. Akafunua vitabu vyake vyote, hayumo. Akazuia mashoka. Tukapekua vichaka vya mbali, hayuko. Wenziwe wako katika hicho kimoja tu. Mmoja akapelekwa Ulaya ndani ya chupa ya dawa, na juzi jibu limekuja: hajapata kuandikwa popote.

Basi kichaka hakifyekwi. Tumekizungushia mawe yaliyopakwa chokaa, na mlinzi ni mimi. Mbung'o wa humo nawakamata kwa wavu kila asubuhi. Masanja naye huwaambia wageni, "Huyu nilimtupa mimi," utadhani ndiye aliyemzaa. Nimemwacha, sifa zinatutosha wawili.

Mpe mama shikamoo yangu. Kaka yako mwalimu, aliyesema sitafika popote kwa kukimbiza nzi, mwambie jongoo wangu kafika Ulaya.

Na akiingia jongoo jikoni kwetu, tafadhali usimtupe. Mfunike kwa kawa mpaka nije.

Mumeo akupendaye,
Baba Hadija, mlinzi wa kichaka